Somo la Haki za Majirani Katika Uga Mmoja na Mahali pa Kulaza Gari

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na twamsalia Mtume wake na aali zake na sahaba zake. Ama baad. Ndugu mmoja wa Tanga, aliyepanda Lushoto kwa biashara ya mboga, ametuletea suala. Tumeona tulijibu kwa wote, kwani jambo hili halikuhusu milima peke yake. Hata huku pwani ugomvi wa namna hii ni mwingi. Majina ya wenyewe tumeyaficha, tumewaita Zaidi na Amri kama ilivyo desturi ya wanazuoni.

SUALA. Nyumba moja ya kupanga ina wapangaji sita, uga mmoja na mlango mmoja wa kutokea njiani. Zaidi ana gari la kuchukulia kabichi na viazi, Amri ana gari dogo, na wengine wana pikipiki au hawana kitu. Zaidi hulilaza gari lake mlangoni pa uga apate kutoka alfajiri. Usiku mmoja wa masika mke wa Amri akashikwa na uchungu wa uzazi. Amri akawasha gari, akakuta mlango umezibwa. Naye Zaidi alikuwa Soni msibani, ufunguo mfukoni mwake. Mama yule akachukuliwa mikononi katika matope na baridi mpaka njia kuu. Mwenyezi Mungu akamsalimisha yeye na mtoto. Siku ya pili Amri akatoa upepo magurudumu mawili ya gari la Zaidi. Tangu hapo wasali safu moja wala hawasalimiani. Zaidi asema: “Mahali ni pangu, nimelaza hapo miaka miwili.” Amri asema: “Sote twalipa kodi sawasawa.” Je, haki iko kwa nani?

JAWABU. Jua, ewe ndugu, ya kwamba suala hili lina mambo matatu: uga ni wa nani, kutangulia kuna haki gani, na mdhuriwa afanyeje.

Ama la kwanza. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kitegemewacho katika madhehebu yetu ya Shafi, amelitaja jambo la njia katika mlango wa sulhu. Njia ni mbili. Iliyo wazi pande zote ni ya watu wote, wala haimjuzii mtu kufanya ndani yake litakalowadhuru wapitao. Isiyotokea upande wa pili ni ya wenye milango ndani yake. Hao ni washirika, wala mmoja wao hazidishi kitu humo ila kwa ridhaa ya wenzake. Na uga wa nyumba ya kupanga wafanana na hii ya pili. Milki ni ya mwenye nyumba, lakini manufaa yake wameyakodi wote sita, basi hapana mmoja awezaye kusema “pangu” ila mwenye nyumba awe amempa mahali hapo kwa sharti. Na kwa wanaomiliki nyumba katika jengo moja, Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, nayo yafanya mahali pa pamoja kuwa milki ya wote kwa ushirika.

Ama la pili. Ni kweli kwamba aliyetangulia mahali pasipo mwenyewe ana haki zaidi ya aliyekuja baadaye. Lakini haki hiyo ni ya kukaa, si ya kumiliki; tena ina sharti, nalo ni kutowabana wapitao. Muuza kahawa aliyetangulia barazani ana haki ya kuketi, wala hana haki ya kuziba mlango wa msikiti. Basi miaka miwili ya Zaidi haikumpa milki, na hata siku moja haikumhalalishia kuziba mlango.

Tena fikirini kipimo. Imepokewa kwamba watu wakihitilafiana katika upana wa njia, Mtume alihukumu iwe dhiraa saba. Dhiraa ni tangu kiko cha mkono hadi ncha za vidole, hivyo saba ni kadiri ya mita 3 na kidogo. Gari dogo lina upana wa mita 1.7 hivi, na la mizigo hukaribia mita 2. Njia ya kipimo hicho yatosha gari moja kupita na mtu mwenye mzigo kusimama kando. Ama likilazwa moja, la pili halipiti. Basi alazaye gari katika njia kama hiyo hakuibana, bali ameifunga.

Na Lushoto jambo hili ni zito zaidi. Mji ule, ambao Wadachi katika utawala wao waliuita Wilhelmstal, uko mlimani kadiri ya mita 1,400 juu ya bahari. Nyumba nyingi hujengwa penye mteremko kwa kuukata udongo, na uwanda ni haba. Pengine chini ya uga wako pana paa la jirani. Kwa hiyo mwenye gari na aweke jiwe nyuma ya gurudumu, na aondokapo aliondoe; kwani kuondoa udhia njiani ni katika imani, na kuuacha ni kinyume chake.

Ama la tatu. Amri alidhulumiwa, lakini udhia hauondolewi kwa udhia mfano wake. Kutoa upepo hakukumfungulia njia; usiku ulikwisha pita. Amtake radhi mwenziwe, na ikiwa mpira uliharibika alipe. Na Zaidi atake radhi kabla yake, kwani kosa lake ndilo kubwa: mali aliiweka karibu na soko, roho ya jirani akaiweka mbali na hospitali.

Basi yawapasa kufanya sulhu, na twawashauri haya. Kwanza, mlangoni na penye njia ya kutokea kisilazwe chombo, usiku wala mchana. Pili, atokaye alfajiri alaze karibu na mlango, atokaye baadaye alaze ndani. Na penye mahali pamoja pa watu wawili, wapokezane kwa juma. Zamu si jambo geni kwao: majirani zao wa milima ya Upare hugawana hivyo maji ya ndiva, yaani birika la udongo lijazwalo usiku, na kila mwenye shamba hungoja siku yake. Tatu, mwenye gari akisafiri amwachie ufunguo jirani amwaminiye. Nne, asiye na gari asisahauliwe. Naye ana haki ya mahali pa kuanika nguo na watoto wake kucheza. Tano, maneno haya yaandikwe na kusomwa mbele ya mwenye nyumba, kwani kalamu hukumbuka yale ambayo hasira husahau.

Wakishindwa, wamwendee imamu wa msikiti wao au mwenyekiti wa kitongoji. Wala wasikimbilie mahakamani kabla ya kusikilizana.

Mwisho twawakumbusha wote wawili ya kwamba haimhalalikii Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule atangulizaye salamu. Zaidi alipenda kutangulia. Basi hapa na atangulie, na Amri asikubali kushindwa. Na mtoto yule aliyezaliwa usiku wa matope atakulia katika uga huo huo. Asikute baba yake na jirani yake wamenuniana kwa ajili ya mahali pa magurudumu manne.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.