Usiuache Ukurasa Ujitolee Ushahidi
Maswali na majibu kuhusu nyenzo za mtandaoni kwa mwalimu wa darasani

Mwalimu wa leo hasumbuliwi na uhaba wa nyenzo za mtandaoni, anasumbuliwa na wingi wake. Akitafuta "usanisinuru" au "saketi za umeme" kwa simu yake, anamiminiwa video, notsi, michoro na majaribio ambayo hata muhula mzima hautoshi kuyapitia. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtandaoni kibaya hujitembeza kikiwa kimepambwa vizuri kuliko chema. Majibu yafuatayo yanatetea hoja moja, kwamba thamani ya nyenzo haijulikani kwa kuukodolea macho ukurasa wenyewe. Hujulikana mwalimu anapotoka nje ya ukurasa na kuulizia mambo matatu: nani aliyeutengeneza, muhtasari unadai nini, na wanafunzi wake wamezoea kuona nini.

Mwalimu aanzie wapi kutafuta?

Aanzie kwenye muhtasari, simu ifuate baadaye. Tanzania ilianza kutekeleza mitaala iliyoboreshwa mwaka 2024. Kenya ilianza kuuacha mfumo wa 8-4-4 mwaka 2019, na mtihani wa mwisho wa kumaliza shule ya msingi wa mfumo huo, KCPE, ukafanyika mwaka 2023. Hata hivyo notsi na mitihani ya mitaala ile ya zamani bado imejaa mtandaoni, tena mingi haina hata dalili kwamba imepitwa na wakati. Mwalimu anayeanza na simu hujikuta akifundisha alichokipata badala ya kinachotakiwa. Kwa hiyo kabla ya kutafuta, aandike kwenye andalio la somo umahiri anaoulenga na kosa ambalo wanafunzi hulifanya katika mada hiyo. Chukua mada ya umeme. Wanafunzi wengi huamini kwamba balbu "hula" mkondo, hivyo waya unaotoka kwenye balbu una umeme kidogo kuliko unaoingia. Mwalimu aliyekwisha kulitambua kosa hilo hatatafuta "video ya umeme" tu, atatafuta kitu kinachouonyesha mkondo kabla na baada ya balbu. Atakipata katika PhET, mradi wa majaribio ya mtandaoni wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Humo mwanafunzi huunganisha betri, nyaya na balbu kwenye kioo, akaona vidoa vya bluu vinavyowakilisha elektroni vikitembea kwa mwendo uleule pande zote mbili za balbu. Akiukata waya mahali popote, vyote husimama mara moja. Ubao na chaki haviwezi kuonyesha jambo hilo.

Kwa vitabu na maudhui yanayofuata mtaala, mahali pa kuanzia ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, au Kenya Education Cloud ya taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD. Kwa hadithi za watoto wadogo kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, kuna African Storybook. Na anayetafuta kwa Google anaweza kuandika site:go.tz kabla ya maneno yake, akaletewa kurasa za serikali ya Tanzania peke yake.

Atajuaje kama chanzo kinaaminika?

Ushahidi mzuri umetoka kwa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Katika utafiti walioutoa mwaka 2017, waliwapa wanahistoria 10, wahakiki taarifa 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho kazi ya kupima kurasa za intaneti. Kazi mojawapo ililinganisha makala za mashirika mawili ya madaktari wa watoto kuhusu uonevu shuleni. Moja ni American Academy of Pediatrics, lililoanzishwa mwaka 1930 na lenye makumi ya maelfu ya wanachama. Jingine ni American College of Pediatricians, kundi dogo lililojitenga nalo mwaka 2002. Majina yanafanana, na kurasa zote mbili zina sura ya kitaalamu. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wanahistoria, walisoma kwa makini wakiwa ndani ya ukurasa uleule, na wakashindwa kutofautisha. Wahakiki taarifa walikaa kwenye ukurasa kwa muda mfupi tu, wakafungua kurasa nyingine kuuliza wengine wanasema nini kuhusu mashirika hayo, na wote walitambua lipi la kuaminiwa.

Mwalimu afanye hivyo hivyo. Kabla hajatazama video ya dakika 20, atumie dakika mbili kutafuta jina la aliyeitengeneza, asome wengine wanavyomwelezea, kisha achukue dai moja zito kutoka kwenye nyenzo na kulilinganisha na kitabu cha kiada au chanzo kingine kisichotegemea kile cha kwanza.

Lakini si kuna orodha za vigezo? Tarehe, mwandishi, marejeo, anwani?

Zipo, na anayezitetea ana hoja. Ni rahisi kuzikumbuka, na zinamfanya mwalimu atulie kabla ya kupakua. Maswali yake hayana ubaya. Udhaifu wake ni kwamba majibu yanatolewa na mshitakiwa mwenyewe. Tarehe ameiandika mwenye tovuti, sifa za mwandishi kaziandika yeye, marejeo kayachagua yeye. Anwani inayoishia na .org hununuliwa na yeyote mwenye pesa. Orodha inafaa ikitumiwa baada ya mwalimu kujua nani aliye nyuma ya ukurasa. Ikitangulia, huwapendelea wanaojua kupamba, na huwaangusha walimu wenzetu wanaotoa kazi nzuri kwenye kurasa zisizo na mapambo.

Nyenzo ikitoka kwa chanzo bora, kazi imekwisha?

Haijaisha, kwa kuwa nyenzo inaweza kuwa ya kweli na bado isilifae darasa lako. Tazama michoro ya hatua za mwezi. Mingi inaonyesha mwezi mchanga ukiwa umesimama wima, umeng'aa upande wa kulia. Kwa mtazamaji wa London mchoro huo ni sahihi. Lakini mtoto wa Tanga au Mombasa, aliyeutazama mwezi mwandamo jioni ya kuingia Ramadhani, mara nyingi ameuona umelala chali, pembe zake zikielekea juu. Akionyeshwa mchoro ule bila maelezo, atajifunza kwamba sayansi ni habari za mbali ambazo macho yake hayawezi kuzithibitisha. Hayo ni madhara makubwa kuliko kukosea swali la mtihani. Mwalimu aliyelibaini hilo mapema huwapa wanafunzi wauchore mwezi wanaouona kwa majuma mawili, ndipo awaletee mchoro wa mtandaoni na kuwauliza kwa nini umetofautiana. Jibu litawafikisha kwenye umbo la dunia na mahali mtazamaji alipo.

Je, anaruhusiwa kuchapa na kutafsiri anachokipata?

Kupatikana bure hakumaanishi kuruhusiwa. Atazame leseni. Nyenzo nyingi huria hutumia leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Alama BY humtaka amtaje mwenye kazi. NC humkataza kufanya biashara nayo. ND humkataza kuisambaza ikiwa imebadilishwa, na tafsiri ni badiliko. SA humtaka atoe kazi yake mpya kwa leseni ileile. Pasipo na leseni yoyote, salama zaidi ni kuwapa wanafunzi kiungo, au kumwomba mwenye kazi ruhusa.

Muda hakuna, bando ni ghali, simu ni moja. Si afadhali kubaki na kitabu chenye ithibati?

Pingamizi hili ni zito, na kwa vipindi vingi jibu ni ndiyo, kitabu kinatosha. Nyenzo ya mtandaoni istahili nafasi yake kwa kuonyesha kile ambacho kitabu hakiwezi, kama mwendo, sauti, au kitu kisichoonekana kwa macho. Mwalimu akiuchukulia mtandao hivyo, ukaguzi utahusu nyenzo chache tu kwa muhula. Walimu wa somo moja wanaweza kugawana mada, kila mmoja akapima za kwake na kuwaachia wenzake maelezo mafupi kwenye azimio la kazi. Gharama nazo hupungua, kwani majaribio ya PhET hupakuliwa mara moja yakatumika bila intaneti, na programu ya Kolibri ilitengenezwa mahususi kwa shule zisizo na mtandao wa uhakika. Ukaguzi haumalizi muda kama somo linalorudiwa kwa sababu wanafunzi walifundishwa jambo lisilo sahihi.

Na akili unde je? Haiwezi kumfanyia kazi hii yote?

Inaweza kumsaidia kuandaa rasimu ya maswali ya zoezi au kurahisisha lugha ya aya ngumu. Lakini kwa kupima ukweli, ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi. Ukurasa wa tovuti una mwenyewe unayeweza kumuulizia kwingine. Jibu la akili unde mara nyingi halina mwandishi wa kuwajibika, na wakati mwingine hutaja vitabu na makala ambazo hazipo, kwa lugha iliyonyooka kabisa. Kwa hiyo kila dai lake litolewe nje na kulinganishwa na kitabu cha kiada kabla halijafika ubaoni. Tena mwalimu asifanye ukaguzi huo kwa siri. Aufanye mbele ya wanafunzi, awaonyeshe anavyouacha ukurasa na kwenda kuulizia kwingine, kwa sababu wakimaliza shule watakutana na habari za dawa, mikopo na uchaguzi ambazo hakuna mwalimu aliyezichuja kwa niaba yao.