Chembe za Sauti kutoka Mbulu na Hanang: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Usanisi wa chembe ni kukata sauti iliyorekodiwa kuwa vipande vya kati ya milisekunde 1 na 100 hivi, kisha kuvimwaga upya kwa mamia. Dennis Gabor aliwaza jambo hili miaka ya 1940. Iannis Xenakis akalitungia muziki mwaka 1959. Barry Truax akaifanya kompyuta ilitende papo kwa papo mwaka 1986. Leo prodyuza yeyote mwenye Ableton Live yenye Max for Live anaweza kulifanya kwa Granulator II ya Robert Henke. Urahisi huo ndio unaoleta uharibifu. Ukija kurekodi huku Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, shika haya.

FANYA: Pita ofisi ya kijiji kabla ya kutoa maiki kwenye begi. Ukimaliza kurekodi, mkatie mwenye sauti kipande kidogo, umsikilizishe kwenye hedifoni, kisha umuulize upya. Aliyekubali kurekodiwa hajakubali kukatwakatwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inazigusa pia sanaa za jadi, kwa hiyo usijitetee kwamba wimbo hauna mtunzi.

USIFANYE: Usiikate slufay. Mzee wa Kiiraqw anapotoa maombi na baraka, na watu wakimwitikia, nguvu iko katika mpangilio wa maneno na itikio lake. Ukivuruga mpangilio umebaki na koo la mzee tu. Iweke nzima, au iache.

USIFANYE: Usiguse vilio vya Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Rekodi za siku zile si malighafi ya mtu. Hili halina mjadala.

FANYA: Jua lugha unayoikata. Kihadza cha Yaeda Chini kina vidoko, na kidoko huanza ghafla na kwisha ndani ya milisekunde chache. Programu nyingi hulainisha mwanzo na mwisho wa kila chembe ili isitoe mipasuko; ulainishaji huohuo hukimeza kidoko. Ukiuondoa kabisa, kila ukingo unapasuka, na msikilizaji hawezi kujua kipi ni kidoko na kipi ni kosa lako. Anzisha chembe kabla kidogo ya kidoko, iwe ndefu, milisekunde 80 hadi 100, na ziwe chache. Mbinja wanazopiga Wahadza kumwita ndege wa asali ni habari nyingine: sauti imenyooka, inavumilia chembe fupi na nyingi. Kwa Kiiraqw na Kidatooga, usimwage toni ovyo. Kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, na mzungumzaji atasikia upuuzi mahali wewe unaposikia uzuri.

USIFANYE: Usipange chembe kwa vipindi sawasawa bila kujua matokeo. Chembe 50 kwa sekunde zikija kwa mstari hutoa mngurumo wa hetzi 50, kama umeme mbovu wa studio. Tawanya muda wa kuanza.

FANYA: Shusha sauti mapema. Chembe 16 tofauti zikipishana huongeza takriban desibeli 12.

FANYA: Funika maiki kwa manyoya. Upepo wa uwanda wa Basotu ukiingia kwenye rekodi, kila chembe itaubeba.

USIFANYE: Usinyooshe kila kitu kiwe wingu. Sekunde moja ya kengele za ng'ombe wa Wadatooga ikivutwa dakika nzima inakuwa mvumo ambao ungeupata hata kwa kurekodi jokofu. Maprodyuza wengi wanauita mvumo huo kina. Mimi nauita uvivu. Msikilize KMRU, yaani Joseph Kamaru wa Nairobi, katika albamu ya Peel ya 2020: mambo hubadilika taratibu, lakini yanabadilika. Acha kengele moja ipite nzima kabla ya kuivunja.

FANYA: Andika kijiji na jamii kwenye maelezo ya wimbo. Neno "Afrika" peke yake halitoshi. Jina la mtu liandike kwa ridhaa yake, na malipo mkubaliane kabla.

Kazi ikitoka, rudisha nakala kijijini kwenye memori kadi. Si kila nyumba huku ina bando la kukusikiliza mtandaoni.