"Treni ya Makaa" ni Treni Gani?
Somo dogo kuhusu maelezo ya picha

Mwaka huu nawaletea somo ambalo sikulipata darasani. Nililipata kwa kuaibika mbele ya watu.

Siku ya wazazi, chama chetu kilibandika picha za zamani ukutani. Mimi nilileta picha moja ya babu yangu, ambaye alifanya kazi ya reli ujanani. Inaonyesha injini kubwa ya mvuke, moshi mweusi tititi ukipanda juu, na kijana amesimama mlangoni. Chini yake niliandika hivi:

"Treni ya makaa inapita Eldoret zamani. Mali ya Shirika la Reli la Kenya."

Babu alikuja, akavaa miwani, akasoma mara mbili. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, nani alikuambia haya?" Nikajibu kuwa niliona moshi, nikajua ni makaa. Wenzangu wakacheka. Babu hakucheka. Alinikalisha chini tukaichambua sentensi hiyo neno kwa neno.

Kwanza, "treni ya makaa". Hapa kosa ni la A-unganifu. Kiambishi hiki kina maana nyingi: kikombe cha chai ni cha kutilia chai, lakini jiko la makaa ni jiko linalochoma makaa. Je, treni ya makaa inabeba makaa au inachoma makaa? Tena ni makaa ya mawe au haya yetu ya jikoni? Kule Afrika Kusini kuna treni za mabehewa 200 zinazopeleka makaa ya mawe katika bandari ya Richards Bay, nazo huvutwa na injini za umeme. Zinabeba makaa lakini hazichomi hata punje! Ile ya babu haikubeba makaa wala kuyachoma. Ilikuwa Garratt, injini ndefu yenye seti mbili za magurudumu na tangi la mvuke katikati, nayo ilitumia mafuta mazito. Reli yetu ilianza kwa kuni na makaa, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia injini nyingi ziligeuzwa kuchoma mafuta. Na ule moshi mweusi? Babu alisema ni yeye aliyekuwa ametupa mchanga motoni ili ukwangue masizi ndani ya mabomba. Mchanga ukiingia, masizi yote hutokea juu.

Pili, "inapita". Injini ilikuwa imesimama, ikingoja ishara. Hata kama ingekuwa mwendoni, katika maelezo ya picha KI inafaa kuliko NA: "treni ikipita" inaonyesha tendo lilivyokuwa likiendelea wakati wa kupigwa picha. Ukisema "inapita", msomaji atatoka nje aitazame!

Tatu, "Eldoret". Nilidhani hivyo kwa sababu babu anaishi huku kwetu. Kumbe ni stesheni ya Nakuru.

Nne, "zamani". Zamani ni lini? Nyuma ya picha pameandikwa 1974. Mwaka ule ubavuni mwa injini palikuwa na herufi EAR, yaani Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililokuwa la Kenya, Uganda na Tanzania. Lilivunjika 1977. Kwa hiyo nilimpa Mkenya peke yake mali ya ndugu watatu.

Nikadhani tumemaliza. Babu akanyoosha kidole kwa yule kijana wa mlangoni, akauliza polepole, "Na huyu je? Mbona hukumwandika?"

Hapo nilikosa la kusema. Niliandika chuma, nikamsahau mtu. Yule kijana ndiye aliyekesha akilinda moto na maji ili abiria wafike salama, na sasa alikuwa akisoma maelezo ambayo hayamtaji. Nilibandua karatasi ile nikaandika upya:

"Injini ya Garratt inayochoma mafuta, ikingoja ishara katika stesheni ya Nakuru, 1974. Ni ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Aliyesimama mlangoni ni mchochea moto, babu yake mwandishi. Mpiga picha hajulikani."

Basi wenzangu, kabla ya kuandika chini ya picha, jiulizeni: ni nini, ni nani, wapi, lini, na nimejuaje? Usilolijua, muulize anayelijua, maana kuuliza si ujinga. Nendeni nyumbani mkafungue masanduku, mtazame picha za kale mkiwa na wenyewe wangali hai. Penye wazee haliharibiki neno.