Faili za Mfumo Zikae Wapi Kwenye Seva ya Pamoja?

Nyumba ina sebule na chumba cha ndani. Mgeni hukaribishwa sebuleni, lakini hati ya shamba haiwekwi hapo. Mfumo wa tovuti nao hupangwa hivyo hivyo. Mfano wetu leo ni mfumo wa ada za shule ulioandikwa kwa Laravel na kuwekwa kwenye seva inayotumiwa na wateja wengi.

Hatari iko wapi?

Ukifungua akaunti yenye cPanel utakuta folda iitwayo public_html. Kilichomo humo kinaweza kuombwa na yeyote mwenye kivinjari. Wengi wetu tunapoanza hupakia mfumo mzima humo, na kwa kuwa unafanya kazi, hatushtuki. Kumbe faili la .env, lenye nywila ya kanzidata, nalo limo. Faili la PHP huendeshwa na seva, msomaji akaona matokeo tu. Lakini .env si PHP. Seva isipozuiwa humkabidhi mwombaji maandishi yote kama yalivyo. Wapo wanaotumia programu za kuzunguka mtandaoni zikitafuta faili hilo hilo. Kinachohatarishwa ni majina ya wanafunzi, simu za wazazi na kumbukumbu za malipo.

Mpangilio unaofaa

1. Tengeneza folda, tuiite mfumo, kando ya public_html na si ndani yake. Pakia humo kila kitu: app, config, vendor, storage na .env.

2. Yaliyomo ndani ya folda ya public pekee, yaani index.php, .htaccess, picha na mitindo, yahamishie public_html.

3. Fungua index.php. Palipoandikwa `'/../vendor/autoload.php'` andika `'/../mfumo/vendor/autoload.php'`. Fanya vivyo hivyo kwenye mstari wa bootstrap/app.php na ule wa maintenance.php.

Kama mwenye seva anakuruhusu kuchagua folda ambayo jina la tovuti linaelekea, elekeza kwenye mfumo/public. Hapo hatua ya 2 na ya 3 hazihitajiki.

Ruhusa

Folda zipe 755, faili 644, na .env 600 endapo PHP inaendeshwa kwa jina la akaunti yako. Usitoe 777 ati kwa sababu mfumo umegoma kuandika: ruhusa hiyo humpa kila mtumiaji wa seva uwezo wa kuandika, na hapa majirani ni wengi.

Risiti wanazopakia wazazi zikae ndani ya storage/app. Mfumo uzitoe baada ya kuhakikisha aliyeomba ameingia na anastahili kuziona.

Jipime

Andika anwani ya tovuti yako kwenye kivinjari, umalizie na /.env. Ukijibiwa 404 au 403, vema. Yakitokea maandishi, kuhamisha faili hakutoshi: badilisha mara moja nywila zote zilizokuwemo, maana hujui nani ameshazisoma.

Zoezi: kabla ya somo lijalo, orodhesha vilivyomo ndani ya public_html yako. Kwa kila kimoja jiulize: je, mgeni anakihitaji kweli? Asichokihitaji, kirudishe chumba cha ndani.