Maziwa lala: bakteria wazuri wana kazi, lakini moto hutangulia

Katika nyumba nyingi za Kanduyi, maziwa yanayobaki jioni huachwa yagande, na kesho yake huliwa kwa ugali au viazi vitamu. Wapo wanaoyagandisha yakiwa mabichi, wakiamini kwamba uchachu wenyewe huua magonjwa. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una mpaka, na anayewapa watoto maziwa anafaa kuujua.

Maziwa huganda kwa sababu ya bakteria. Hawa hula sukari iliyomo ndani ya maziwa, iitwayo laktosi, na kutoa asidi. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi huwa na kiwango cha pH cha karibu 6.6, yakiganda hushuka hadi 4.6 au chini zaidi. Kadiri pH inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi, na bakteria wengi wanaoleta kuhara hawawezi kuongezeka humo. Baadhi ya bakteria hao wazuri hutoa pia protini zinazotoboa ngozi ya bakteria wengine.

Silaha yao nyingine ni kukalia nafasi. Mfugaji wa kuku ataielewa upesi. Mwaka 1973, watafiti wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha kwamba vifaranga wanaoanguliwa kwa mashine hushambuliwa kwa urahisi na bakteria aitwaye salmonela, kwa kuwa hawakupata bakteria wa tumboni kutoka kwa mama kuku. Walipopewa bakteria kutoka tumbo la kuku mkubwa mwenye afya, wengi walikingwa. Salmonela alikuta viti vyote vimekaliwa na chakula kimeshaliwa. Tumbo la binadamu nalo hufanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Sasa mpaka wenyewe. Asidi huwazuia bakteria wengi wabaya, lakini haiwaui wote. Vijidudu vya brusela, ambavyo hutoka kwa ng'ombe na mbuzi wagonjwa, vinaweza kubaki hai kwa siku kadhaa ndani ya maziwa mabichi yaliyoganda. Vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe navyo ni hivyohivyo. Mgonjwa wa brusela hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na mara nyingi hutibiwa malaria kwa muda mrefu bila kupona. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Ng'ombe mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa, kwa hivyo kumjua jirani anayeuza maziwa si kinga.

Basi utaratibu unaofaa ni huu: maziwa yachemke kwanza, ndipo bakteria wazuri waingizwe. Lita 1 ichemshwe hadi ifure, ifunikwe na kuachwa ipoe mpaka isiwe na joto mkononi. Kisha vitiwe vijiko 2 vya mezani vya mala safi ambayo haijapashwa moto, yakorogwe kwa kijiko kilichooshwa kwa maji moto, na kufunikwa usiku kucha. Anayetia mbegu maziwa yakiwa bado moto huwaua bakteria wale anaowahitaji, na kesho yake hulaumu mala ya dukani. Mbegu isirudiwe mara nyingi mno, kwani kila mzunguko huingiza vijidudu vya jikoni. Ladha au harufu ikibadilika, ianzwe upya. Chombo cha chuma au alumini ni bora kuliko jerikani ya plastiki, ambayo mikwaruzo yake ya ndani huficha uchafu.

Utaratibu huu hauvunji mila. Wasabaoti wa Mlima Elgon wana mursik yao ya kibuyu, na Wapokot, kaskazini mwa Kitale, wana maziwa yao ya majivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu kule naoto, maziwa ya kibuyu ya Wamaasai, ulikuta bakteria aitwaye Lactobacillus plantarum kwa wingi, na majaribio ya baadaye yalionyesha uwezo wake wa kuhimili asidi kama ya tumboni. Kibuyu kinaweza kupokea maziwa yaliyochemshwa vilevile.

Wengine wameenda mbele zaidi, wakachagua bakteria waliokwisha kupimwa. Huko Mwanza, Tanzania, kikundi cha akina mama cha Tukwamuane kilianza mwaka 2004 kutengeneza yogati yenye bakteria aina ya GR-1, kwa ushirikiano na chuo kikuu kimoja cha Kanada. Ng'ambo ya Malaba, nchini Uganda, wasindikaji wadogo hutumia mbegu ya Yoba. Pakiti ya gramu 1 inatosha kutengeneza hadi lita 100 za yogati.

Je, bakteria hawa wanatibu? Hapa pana chumvi nyingi sokoni. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2019 ulionyesha kwamba, kati ya watoto 100 wanaotumia antibiotiki, 8 walihara walipopewa bakteria wazuri, ikilinganishwa na 19 wasiopewa. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini uchambuzi mwingine wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kwa mtu ambaye tayari anahara, huenda bakteria hao wasilete tofauti kubwa. Mtoto anayehara anahitaji maji ya ORS na tembe za zinki, na kupelekwa kituo cha afya haraka akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyozama au akishindwa kunywa. Mala haichukui nafasi hiyo.

Mtu anayemeza doksisaiklini au siprofloksasini asizinywe pamoja na maziwa au mala, kwa sababu kalsiamu huzuia dawa kuingia mwilini. Amuulize mhudumu wa afya muda wa kuachanisha. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe mala wala yogati. Maziwa ya mama yana sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga, na ambazo huwalisha bakteria wazuri walioko tumboni mwake.