Kabla Bei Haijatajwa: Somo kwa Mnunuzi na Muuzaji wa Nyumba

Mapatano ya bei ya nyumba hudhaniwa kuwa ni mashindano ya maneno. Kwa hakika, mwenye nguvu ni yule anayeufahamu ukweli wa nyumba kabla ya kutaja bei. Asiyeufahamu hubaki kuomba apunguziwe tu.

Mnunuzi aanze na miliki
Kwa nyumba yenye hati, mnunuzi afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili kujua mmiliki ni nani na kama nyumba imewekwa rehani benki. Kwa nyumba isiyo na hati, awaulize majirani wanaopakana nayo pamoja na uongozi wa mtaa au kijiji. Athibitishe pia ridhaa ya mwenzi wa muuzaji, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila idhini ya mwenzake. Bei nafuu ya nyumba yenye mgogoro si nafuu.

Hoja zigeuzwe kuwa fedha
Tuchukue mfano wa nyumba inayouzwa shilingi milioni 45. Mnunuzi amebaini deni la kodi ya pango la ardhi la shilingi 600,000, na fundi amekadiria matengenezo ya paa kuwa shilingi milioni 2.4. Badala ya kusema "punguza kidogo", aweke makadirio hayo mezani na kutoa ofa ya milioni 42. Muuzaji naye anaweza kujibu kwa hoja: alipe deni mwenyewe, wagawane gharama ya paa, na bei iwe milioni 43.8. Hapo kila upande umeona sababu ya ulichokubali.

Muuzaji ajiandae
Mali bila daftari huisha bila habari. Muuzaji aandae hati, risiti za ujenzi na stakabadhi za kodi, kisha amtumie mthamini aliyesajiliwa ili bei yake iwe na msingi. Aweke moyoni kiwango cha chini asichokivuka, na asimfichulie dalali wala mnunuzi kwamba ana shida ya haraka ya fedha.

Kodi zijadiliwe pamoja na bei
Kodi ya ongezeko la mtaji ni wajibu wa muuzaji, na ushuru wa stempu kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Mapatano mengi huvunjika pale upande mmoja unapogundua baadaye kuwa umebebeshwa gharama isiyotajwa. Ni vema pande zote zipate makadirio TRA mapema na kuandika katika mkataba nani atalipa nini.

Fedha zifuate hatua
Mkataba uandaliwe na wakili, malipo yapitie benki, na sehemu ya fedha ibaki hadi uhamisho wa miliki ukamilike. Kuandika bei pungufu ili kukwepa kodi ni kosa. Tena humwumiza mnunuzi: mgogoro ukitokea, mkataba wake utathibitisha fedha chache kuliko alizolipa.

Wananchi wanakumbushwa kufika Idara ya Ardhi ya Halmashauri kwa ushauri kabla ya kutoa malipo ya awali. Baada ya fedha kutoka, nafasi ya kujadiliana huwa imekwisha.