Tafakari ya Ramadhani, siku ya 12: Baba aliyemsikiliza mwanawe



Ndugu zangu waumini, leo tukae kidogo na familia ya Nabii Daud (AS). Wengi wetu tunamjua kuwa ndiye aliyemuua Jalut, akapewa ufalme na Zaburi. Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akawa anatengeneza deraya za vita. Na Mtume (SAW) ametufundisha kwamba Daud alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake. Mfalme mzima, lakini chakula chake ni cha jasho lake!

Ila leo nataka tumtazame akiwa hakimu, na akiwa baba. Qur'an imetutajia kesi mbili.

*Kesi ya kwanza* iko Sura Sad, kuanzia aya ya 21. Watu wawili walipanda ukuta wakamwingilia Daud kwenye mihrabu, naye akashtuka. Mmoja akalalamika: ndugu yake ana kondoo jike 99, yeye anaye mmoja tu, na huyo mmoja naye anatakiwa. Daud akasema papo hapo kwamba amedhulumiwa. Kisha akatanabahi kuwa ule ulikuwa mtihani. Akaomba maghfira, akaanguka kwa unyenyekevu, akatubia, na Mola wake akamsamehe.

Hapa kuna visa vingi vya mitaani. Ibn Kathir ametahadharisha kwamba vingi vimetoka kwenye simulizi za Israiliyat, na hakuna hadithi sahihi ya Mtume (SAW) ya kuvitegemea. Basi tusimzulie Nabii wa Mwenyezi Mungu. Baadhi ya wanazuoni wamesema funzo liko wazi ndani ya aya zenyewe: hukumu ilitoka kabla mtu wa pili hajasikilizwa.

*Kesi ya pili* iko Sura Al-Anbiyaa, aya ya 78 na 79. Kondoo wa watu waliingia shambani usiku wakaharibu mazao. Wafasiri wanaeleza kwamba Daud aliamua mwenye shamba apewe wale kondoo. Sulayman, mwanawe, akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anufaike na maziwa na sufi, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa. Kisha kila mtu arudishiwe mali yake. Daud akaikubali.

Sasa angalieni adabu ya Qur'an. Inasema Sulayman ndiye aliyefahamishwa kesi ile, halafu hapo hapo inasema wote wawili walipewa hekima na elimu. Mtoto kapata sawa, na baba hakushushwa.

Jamani, tujiulize. Kwetu nyumbani, mtoto akisema, "Baba, mimi naona tungefanya hivi," anajibiwa nini? Mara nyingi ni, "Wewe umezaliwa juzi, unajua nini?" Daud alikuwa Nabii, mfalme na hakimu, na bado sikio lake lilikuwa wazi kwa mwanawe. Sisi tuna cheo gani kinachotuzuia?

Na wewe kijana, jifunze kwa Sulayman. Alirekebisha hukumu, hakumvunjia baba yake heshima. Na alipopewa ufalme mkubwa, katika dua yake iliyomo Sura An-Naml, aya ya 19, aliomba awezeshwe kushukuru neema alizopewa yeye *na wazazi wake*. Mwana anayejua zaidi ya baba bado anambeba baba yake kwenye dua.

Tunayasema haya Ramadhani kwa sababu njaa ina haraka. Saa kumi na moja jioni, tumbo tupu, mtoto mmoja analia, mwingine anashtakiwa, na hukumu imeshatoka! Simu ya shangazi kuhusu mirathi, tumesikia upande mmoja, tumeshamnunia ndugu yetu mwaka mzima. Ile ni dhulma, na swaumu haituruhusu kudhulumu kwa ulimi.

Mtume (SAW) amesema swaumu inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ya Daud: alifunga siku moja na kula siku moja. Ni sunna nzuri baada ya mwezi huu kwa mwenye uwezo. Lakini tusichukue njaa ya Daud tukaacha uadilifu wake.

*Kazi ya leo:* Kumbuka mtu mmoja uliyemhukumu kwa maneno ya mwingine. Kabla ya kufuturu mpigie, umwambie, "Sijakusikia wewe. Nieleze." Kisha nyamaza usikilize mpaka mwisho.

Ewe Mola wetu, tujaalie masikio yasiyochoka na ndimi zisizo na pupa. Uzijaalie nyumba zetu kuwa nyumba za shukrani, kama ulivyowaamrisha watu wa Daud wakushukuru. Utusamehe sisi na wazazi wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho inshaAllah.